Kabla Hujafunua Shuka

Anayeingia kwa mara ya kwanza chumba cha anatomia, ambako wanafunzi wa udaktari husoma mwili wa marehemu kwa kuupasua, huwa amejazwa hofu na wakubwa zake. Wa mwaka wa pili wamemwambia asile sana asubuhi hiyo, apake Vicks puani, ajipange karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia shuka linafunuliwa kiasi gani. Basi siku ya kwanza shuka linavutwa lote kwa mkupuo, linasukumwa chini ya meza, na mwili unabaki wazi kuanzia utosini hadi vidole vya miguu kwa saa tatu, ilhali somo la siku hiyo ni kwapa.

Hasara yake ni mbili na haziachani. Mwili wa mtu mzima una ngozi ya karibu mita mraba 1.8, na ukishahifadhiwa kwa fomalini, dawa ya kuuzuia usioze, kila palipo wazi panatoa mvuke na kupoteza unyevu. Ukifunua kuanzia shingo hadi kiwiko, upande mmoja tu, umeziba sehemu kubwa ya chanzo cha mvuke kabla hata hujawasha feni. Palipobaki chini ya kitambaa chenye unyevu na nailoni juu yake hapakauki. Na aliyelala pale hakai uchi mbele ya vijana wanane bila sababu. Pwani jambo hili lina jina lake: stara. Mwosha maiti huweka kitambaa kati ya kitovu na magoti, mkono ukapita chini yake, anaosha asichokitazama. Sisi hatuwezi kufika huko, kwa kuwa kazi yenyewe ni kutazama. Tunaloweza ni kutazama sehemu ya leo tu.

Uso, viganja na sehemu za siri hufungwa kila kimoja na kitambaa chake mpaka siku yake ya somo ifike. Wengi hudhani hii ni huruma kwa wanafunzi waoga. Ni huruma kweli, lakini kuna lingine: pua, masikio na vidole ni vyembamba, hukauka kwanza, na vikishakauka havirudi. Mkono ulioachwa wazi kwa wiki mbili hukakamaa kama ngozi iliyoanikwa juani. Ukifika muhula wa kusoma kiganja, kano na neva zimeshikana, na kundi zima linasoma mkono kwenye picha za kitabu.

Sasa fomalini yenyewe. Inayokuja kwenye madumu ni gesi ya fomaldehaidi iliyoyeyushwa katika maji kwa asilimia 37 hadi 40, pamoja na methanoli ya kuizuia isifanye mashapo. Kuna mtego wa majina hapa. Fomalini ya asilimia 10 ni sehemu moja ya dumu kwa sehemu tisa za maji, yaani fomaldehaidi karibu asilimia 4 tu. Ukitaka lita 20, unatia lita 2 za dumu kwenye lita 18 za maji. Mtu akiisoma karatasi vibaya, akadhani ni fomaldehaidi ya asilimia 10, atachanganya sehemu moja kwa chini ya tatu za maji, na atapata dawa kali karibu mara tatu ya iliyokusudiwa. Dawa kali kupita kiasi hukaza tishu za njiani kabla haijafika mbali. Nje unapata mwili mgumu kama mbao, ndani haujahifadhiwa vizuri, na chumba kizima kinatoka machozi.

Mchanganyiko unaoingizwa mwilini huwa pia na fenoli ya kuzuia ukungu, gliserini ya kulainisha, na mara nyingi spiriti. Njia ya kawaida ni ateri ya paja au ya shingo. Tangi linatundikwa juu ya meza na dawa inashuka kwa uzito wake, lita 10 hadi 20, polepole, kwa saa kadhaa. Inapokwama ni kwenye damu iliyoganda. Mwili uliokaa mochwari siku nyingi kabla ya kuletwa umejaa mabonge ya damu, na kila bonge hunyima dawa sehemu iliyo mbele yake. Ndiyo maana unaweza kukuta mguu mmoja umekaa sawa na mwingine ni laini, umekuwa mweusi, na harufu yake si ya dawa. Ukifika hapo usiendelee kupasua. Mwite fundi wa maabara achome dawa ya ziada kwa sindano palepale. Kuendelea ni kufungua mlango kwa bakteria ambao fomalini haikuwagusa.

Kuhusu madhara, tusizungushe maneno. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka fomaldehaidi mwaka 2004 katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi wa kwanza ulikuwa wa saratani ya sehemu ya nyuma ya pua. Nchini Marekani sheria ya kazi ya OSHA inaruhusu wastani wa sehemu 0.75 za fomaldehaidi kwa kila sehemu milioni za hewa kwa saa 8, na 2 kwa dakika 15. Taasisi ya NIOSH ya hukohuko inapendekeza kiwango cha chini zaidi: 0.016 kwa siku ya kazi na 0.1 kwa dakika 15. Ukiona pengo lililopo kati ya namba hizo utaelewa kwamba kuwa ndani ya sheria na kuwa salama ni vitu viwili. Mwanafunzi wa saa chache kwa wiki hayuko kwenye hatari sawa na fundi anayeshinda humo miaka 20, na ni fundi huyo ambaye mara nyingi hana hata barakoa.

Pua si shahidi wa kutegemea. Dakika kadhaa baada ya kuingia, harufu inapungua. Mvuke haujapungua, pua imezoea. Kwa hiyo Vicks ni ushauri mbaya: inaziba kengele na kuacha moto uwake. Sikiliza macho na koo. Macho yakiwasha na koo likikwaruza, toka nje upate hewa, usisubiri ruhusa. Kuna wachache ambao mwili wao huanza kuikataa fomalini: vipele kwenye viganja na shingo, au kifua kinachobana na kutoa mluzi. Hali hiyo ikishaingia haielekei kuondoka, hata dawa ikiwa kidogo. Mwenye pumu na mjamzito waseme mapema kwa mkuu wa somo ili wapangiwe njia nyingine, kama vile mifano ya plastiki au vielelezo vilivyokwisha kupasuliwa na kusuuzwa.

Mvuke hutoka kwenye tishu na kupanda moja kwa moja kwenye uso ulioinama juu yake. Kipimo cha ukutani husoma kidogo kuliko kilichopo sentimita 30 juu ya meza. Pangaboi la darini linakoroga tu. Linahamisha mvuke kutoka meza ya pili kwenda ya tano. Kinachohitajika ni hewa kuingia upande mmoja na kutolewa upande wa pili, feni za kutolea zikiwa chini ukutani, na bora zaidi meza zenye kunyonya hewa kwenye kingo zake. Kipimo kinachotajwa sana ni hewa ya chumba kubadilika mara 10 hadi 15 kwa saa. Fanya hesabu ya chumba chenu. Mita 10 kwa 12, kimo mita 3.5, ni mita za ujazo 420. Mara 12 ni zaidi ya 5,000 kwa saa. Feni ndogo ya dirisha la choo hutoa mia moja na ushei. Zinunueni 2 na bado hamjafanya kitu.

Pasipo na bajeti ya mitambo, yapo yanayosaidia bila gharama. Fundi afungue madirisha ya pande mbili nusu saa kabla, wanafunzi wakiwa bado nje. Dawa iliyotuama kwenye kifua na nyonga inyonywe kwa sponji kabla ya kuanza. Vidimbwi hivyo ndivyo vinavyowachoma macho mkifungua tumbo. Na shuka, tena.

Barakoa ya upasuaji haizuii gesi. N95 nayo haizuii gesi, inazuia chembechembe. Anayetaka kuzuia mvuke anahitaji kinyago cha mpira chenye kichujio mahsusi cha fomaldehaidi, kinachobadilishwa kwa ratiba. Barakoa ya kawaida ivae kwa ajili ya matone, usiitegemee kwa zaidi ya hapo. Glovu ziwe za naitraili, maana mpira mwembamba wa lateksi hupitisha fomalini mapema kuliko unavyodhani. Vaa jozi mbili. Ya juu ibadilishe inapochanika au kila baada ya saa moja hivi. Koti liwe la pamba, mikono mirefu, na lirudi nyumbani ndani ya mfuko wake na kufuliwa peke yake. Lisichanganywe na nepi za mtoto wa dada. Anayevaa hijabu awe na moja fupi ya pamba ya chumbani humo tu, iingizwe ndani ya kola ya koti. Ncha inayoning'inia itachovya kwenye dawa halafu itafika usoni. Viatu vifunike kidole hadi kisigino. Lenzi za machoni zibaki bwenini, kwa kuwa mvuke na matone hukaa katikati ya lenzi na mboni.

Tone likiingia jichoni, maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kope zimeshikwa wazi na mtu mwingine, kisha hospitali hata kama maumivu yamekwisha. Dakika 15 ni ndefu sana kwa mtu anayelia. Aliye pembeni ndiye ashike saa. Fenoli ina ujanja wake: inaunguza na papohapo inatia ganzi. Ngozi inageuka nyeupe bila kuuma, na mhusika anaendelea na kazi. Ukiona weupe huo, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji mengi mara moja.

Wembe ndio unaopeleka wanafunzi wengi zahanati, na kidole kinachokatwa kwa kawaida ni cha mkono usioshika kisu: shahada ya kushoto kwa anayetumia kulia. Mkono huo ndio unaovuta ngozi, na ngozi yenye mafuta huteleza. Ikiponyoka, wembe uliokuwa unasukumwa kwa nguvu unaruka mbele na kukutana na kidole. Dawa yake ni ndogo na ya zamani. Ukishainua pembe ya ngozi sentimita 3 hivi, toboa tundu karibu na ukingo wake, upana wa kidole kimoja. Ingiza kidole humo, uikaze ngozi. Sasa haitelezi, kidole kimejificha mbali na njia ya makali, na mkono wa kulia hauhitaji nguvu. Makali yaelekezwe kwenye ngozi unayoinua, kamwe si upande wa mwili, maana neva ndogo za juu zinapita kwenye mafuta yaliyo chini tu ya ngozi, na zikikatwa siku ya kwanza hazionekani tena.

Mipini iliyoenea ni miwili. Namba 3 inachukua nyembe za 10, 11, 12 na 15. Namba 4 inachukua za 20 hadi 24. Wembe ukicheza kwenye mpini, mmechanganya jamii hizo mbili, na wembe unaocheza utaruka. Kuuvisha: ushike kwa koleo la kubania ateri upande wa mgongo usio na makali, lenga tundu lake kwenye mfereji wa mpini, sukuma mpaka usikie kidoko. Kuuvua: bana kwa koleo pale kisigino cha wembe kilipo, kiinue kidogo kitoke kwenye mfereji, kisha usukume mbele, ncha ikitazama ndani ya boksi la njano na si mtu. Vidole havigusi chuma wakati wowote. Boksi likijaa robo tatu lifungwe. Wanaolazimisha wa mwisho uingie ndio wanaochomwa na wa kwanza.

Wembe butu una hatari kuliko mkali kwa kuwa unaulazimisha. Tishu zilizohifadhiwa humaliza makali upesi, na kufungua mgongo, ambako ngozi ni nene, kunaweza kula nyembe mbili tatu kwa kipindi kimoja. Kuzibania kwa ajili ya bajeti ni ubahili unaoishia kwenye nyuzi za kidoleni. Ngozi ikishafunguka, weka wembe chini kabisa na chukua mkasi butu. Ingiza mkasi umefungwa, ufungue ukiwa ndani, utoe ukiwa wazi. Usiufunge ukiwa ndani. Huko ndiko kukata usichokiona. Kwapani, neva zimeizunguka ateri kama kamba, na anayeendelea na wembe humaliza dakika 20 akiwa amekata kitu ambacho wenzake saba walikuwa wakisubiri kukiona. Kukata ovyo ni kosa la adabu pia. Mtu huyu ana mwili mmoja. Hakuna wa kesho.

Eneo moja, kisu kimoja. Wawili wasipasue mkono uleule kwa pamoja. Kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono. Kinawekwa kwenye trei na mwenzako anakiokota. Ukikatwa, acha hapohapo: vua glovu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, usinyonye kidole. Toa taarifa na iandikwe: saa, namba ya mwili, kifaa. Aibu ndiyo inayofanya majeraha mengi yafichwe. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda siku hiyohiyo.

Wanafunzi huogopa wembe, mbavu hawaziogopi. Ubavu uliokatwa kwa mkasi wa mifupa una ncha kama ya mwiba na unapita glovu mbili bila kusita. Ukiondoa ukuta wa kifua, kunja kitambaa kilicholowa mara mbili na ukilaze juu ya kingo zote za mbavu kabla mtu hajaingiza mkono kutafuta moyo. Msumeno wa umeme nao hurusha vumbi la mfupa. Hapo N95 ina kazi yake, pamoja na miwani ya kinga, mfupa umelowanishwa, na walio wengi wametoka nje.

Kugeuza mwili kifudifudi kunahitaji watu 4 kwa uchache, 6 ni bora. Mwili wa kilo 70 uliopokea lita 15 za dawa unakaribia kilo 85, na unateleza. Funga breki za meza, mmoja ashike kichwa, hakuna anayevuta mkono wa marehemu kama kamba, na mmoja ahesabu kwa sauti. Ukishalala kifudifudi, weka kipande cha mbao chini ya kifua ili uso usigandamizwe kwenye chuma. Hiyo hairudishi pumzi ya mtu, sawa, lakini pua iliyolazwa wiki nne hubaki imelazwa, na atakayefunua uso muhula ujao atakutana nayo.

Je, kuna maambukizi? Fomalini iliyofika vizuri huua vijidudu karibu vyote, VVU na virusi vya homa ya ini vikiwemo. Haiui prioni, zile protini zinazosababisha ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob. Kwa kweli huzifanya ziwe ngumu zaidi kuharibika. Kwa huku kwetu linalohitaji macho zaidi ni kifua kikuu. Pafu lenye ugonjwa lina sehemu ambazo dawa haipenyi. Ukikuta vinundu vyenye kitu cheupe kama jibini laini, simamisha kazi, funika, mwite mwalimu. Mwili mbichi usiohifadhiwa ni habari nyingine: hapo jeraha la kisu linashughulikiwa kama la wodini, na dawa za PEP, za kuzuia VVU visishike, zianzwe ndani ya saa 72. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi 3 kwa ratiba ya mwezi 0, 1 na 6, kwa hiyo anayeikumbuka wiki ya kwanza ya masomo amechelewa, ila aanze tu.

Chini ya kila meza kuna ndoo yenye mfuniko, na juu yake namba ileile iliyo kwenye kibandiko cha mwili. Kila kinachotoka kwa marehemu kinaingia humo: mafuta, vipande vya ngozi, nyuzi za utando, na kile usichojua ni nini. Hakiendi kwenye pipa la karatasi, hakioshwi kwenye sinki, hakihamii ndoo ya jirani kwa sababu iko karibu. Sinki liwe na chujio na chujio limwagwe ndooni. Wanaochoka na utaratibu huu huona ndoo ni ya usafi. Ndoo ni ya mazishi. Siku mwili unazikwa, vilivyomo vinaingia kaburi lilelile. Karatasi na glovu kwenye ndoo hiyo ni fedheha, kwa kuwa kuna mtu atakayelazimika kuzichambua, au ataacha kuzichambua.

Tukija kwenye maneno, Kiswahili kinatubana kuliko tunavyotambua. Unaweza kusema maiti huyu, unaweza kusema maiti hii. Sikiliza meza yoyote: wiki ya kwanza ni "huyu alikuwa mrefu", wiki ya sita ni "hii imekauka". Sidhani ni ubaya wa roho. Ni mazoea yanayolinda akili. Ila mazoea hayo yana mwendelezo. Baada ya hii huja jina la utani, baada ya jina la utani huja mzaha wa kuinua mkono wa marehemu kumpungia mtu. Mimi hupendelea "mwili huu", ambao hauhukumu upande wowote, na "marehemu" pale inapofaa. Vilevile hatuchuni ngozi, tunaifungua. Kuchuna ni neno la machinjioni. Na msuli uitwe msuli, usiitwe nyama. Nchini Thailand wanafunzi wa udaktari huita mwili wanaousoma kwa neno lilelile wanalomwitia mwalimu mkuu wa shule, na hawaoni ajabu kumwamkia asubuhi.

Kucheka si dhambi. Watu hucheka wakiogopa, na chumba kisicho na pumzi hufanya watu wazimie. Mpaka ni huu: cheka na mwenzako, usimcheke aliyelala. Anayehisi kizunguzungu akae sakafuni palepale alipo, asikimbilie mlangoni. Wengi huumia kwa kuanguka juu ya kona ya meza wakiwa njiani kutoka.

Simu inabaki nje. Si mfukoni, si kwenye modi ya ndege: nje. Sababu ya kwanza ni kwamba glovu iliyoshika simu imepeleka dawa kwenye shavu lako la jioni. Ya pili inajulikana, lakini watu huielewa nusu. Hudhani kosa ni kupiga picha ya uso. Kidole chenye kovu, chale ya kabila, tatuu, meno yenye pengo: ndugu humtambua mtu wao kwa hayo, na picha ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp huijui itakapofika. Mwosha maiti akiona kasoro mwilini hasemi nje, na anayesema hapewi tena kazi hiyo mtaani. Kwenye chumba cha anatomia sheria ni hiyohiyo, na inahusu hata simulizi: "leo tumemfungua mama mmoja mnene" ni maneno yasiyopaswa kupanda daladala.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kwa sababu ya namna miili inavyopatikana. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki wanaojitolea miili yao wakiwa hai ni wachache. Wengi wa walio mezani ni wale ambao hakuna ndugu aliyekuja kuwadai mochwari. Kenya ina Sheria ya Anatomia, Sura ya 249, inayosimamia jambo hili, na Uingereza ilitunga yake mwaka 1832, baada ya William Burke na William Hare kuua watu 16 mjini Edinburgh mwaka 1828 na kuuza miili kwa mwalimu wa anatomia. Burke alinyongwa Januari 1829, akapasuliwa mwenyewe hadharani, na mifupa yake bado inaoneshwa katika jumba la makumbusho la chuo kikuu cha mji ule. Tangu mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la wanaanatomia, IFAA, linahimiza vyuo vitumie miili iliyotolewa kwa hiari. Naunga mkono, ila halitafika kesho asubuhi. Hadi litakapofika, tunamkata mtu ambaye hakuulizwa, na kila anayeshika kisu anapaswa kulijua hilo kabla ya kuanza.

Wanafunzi Waislamu huuliza kama dini inaruhusu kupasua maiti, na wana haki ya kujibiwa na si kupuuzwa. Hadithi aliyoisimulia Bi Aisha inafananisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja wa aliye hai. Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya ulimwengu wa Kiislamu, lililokutana Makka mwaka 1987 liliruhusu upasuaji wa maiti kwa ajili ya kufundisha udaktari, kwa masharti: kiasi cha haja tu kisizidishwe, mwili wa mwanamke ushughulikiwe na wanawake isipokuwa wakikosekana, na viungo vyote vizikwe. Soma masharti hayo, kisha tazama ndoo na shuka. Chumba kinachoendeshwa vizuri kimekwisha kutimiza sehemu yake kubwa, na kupanga meza ya wasichana kwa mwili wa mwanamke hakuhitaji senti.

Dakika 20 za mwisho ndizo zinazoibwa na mwanafunzi anayekimbilia chakula. Vifaa vioshwe kwa maji na sabuni, vikaushwe, vihesabiwe. Koleo moja likikosekana litafutwe ndani ya mwili kwanza, huko ndiko huwa. Meza ipanguswe. Usitumie Jik juu ya meza iliyolowa fomalini: viwili hivyo vikikutana hutoa gesi zenye madhara, na Jik peke yake hula chuma. Ngozi iliyofunguliwa irudishwe mahali pake kama ukurasa, kwa sababu hakuna kitambaa kinachohifadhi msuli vizuri kuliko ngozi yake yenyewe. Nyunyiza maji yenye gliserini na fenoli kidogo mpaka kitambaa kiwe na unyevu lakini hakidondoki. Kikidondoka, ukungu utaanza vidoleni na kwenye mikunjo ya masikio, madoa meupe kwanza, kisha ya kijani. Ukiuona, usiupulize wala kuukung'uta; vaa N95, ufute kwa kitambaa chenye spiriti na kumwita fundi.

Kisha nailoni, kisha shuka, likianzia kichwani. Mmoja asome kwa sauti namba ya kibandiko cha kifundo cha mguu, mwingine asome ya mfuniko wa ndoo. Zikilingana, zimeni taa.